Mchoro Usiosomeka Bila Rangi ni Mchoro Mbovu

Mwanafunzi wa uzamili akirudishiwa tasnifu na kuambiwa abadili rangi za grafu kwa sababu wapo wasomaji wasiotofautisha nyekundu na kijani, faraja anayopewa na wenzake, na mara nyingi na msimamizi wake mwenyewe, ni ile ile: hao ni wachache, na huku kwetu ni wachache zaidi. Ukiwa na muda wafikirie, usipokuwa nao hujamkosea mtu. Wapole huliita jambo hili hisani. Wakali huliita masharti ya majarida ya nje. Wote wanakubaliana kwamba mchoro ni mzima na kasoro iko kwenye jicho la msomaji.

Nalipinga hilo moja kwa moja. Mchoro ambao mwenye upofu wa rangi hawezi kuusoma una kasoro ndani yake wenyewe, na kasoro hiyo inampotosha hata mwenye macho mazima. Mwenye upofu wa rangi walau anajua kuwa hajaelewa. Mwenye macho mazima anaondoka akidhani ameelewa. Kwa hiyo sitamwombea mtu huruma hapa. Ninachodai ni usahihi, ule ule tunaoudai katika takwimu na katika vipimo vya maabara.

Tuanze na hesabu, maana ndiyo ngao inayoinuliwa kwanza. Kwa wanaume wenye asili ya Ulaya Kaskazini, 8 hivi katika kila 100 wana udhaifu wa kutofautisha nyekundu na kijani. Kwa wanawake hafiki hata mmoja katika 100. Sababu ni kwamba jeni za vipokezi viwili kati ya vitatu vya rangi vya jicho, cha mwanga mwekundu na cha kijani, zinakaa kwenye kromosomu X. Mwanamke anazo mbili, moja ikiwa na hitilafu nyingine huziba pengo. Mwanamume anayo moja tu. Barani Afrika tafiti nyingi zimepata kiwango cha chini zaidi, kati ya asilimia 2 na 4 hivi ya wanaume. Ni kweli, basi, kwamba huku ni wachache zaidi. Sasa chukua kiwango hicho cha chini kabisa, asilimia 2, ukipeleke kwenye sensa ya Tanzania ya mwaka 2022, iliyohesabu wanaume zaidi kidogo ya milioni 30. Unapata watu laki sita. Hapo hatujavuka mpaka kwenda Kenya, Uganda wala Kongo.

Na makala ya kisayansi haisomwi nyumbani tu. Mtafiti wa huku kwetu, wa Ifakara au Kilifi, akipeleka kazi yake kwenye jarida la Ulaya, na wahakiki wakawa wanaume watatu wa huko, uwezekano kwamba angalau mmoja wao ana udhaifu huu ni asilimia 22, yaani zaidi ya mara moja katika kila mara tano. Mhakiki huyo huenda asiseme lolote kuhusu macho yake. Ataandika tu kwamba matokeo hayakuonyeshwa kwa uwazi, na mwandishi atahangaika kuongeza majedwali wakati tatizo lilikuwa rangi za mistari miwili tu ya grafu.

Hata wenye hali hii wenyewe wengi hawajijui. John Dalton, mwanakemia wa Uingereza aliyetupa nadharia ya atomu, alifika umri wa miaka 26 ndipo akagundua. Mwaka 1792 aliliangalia ua la geraniamu, ambalo wengine waliliona la waridi. Yeye mchana aliliona karibu la samawati, na usiku kwa mwanga wa mshumaa likageuka jekundu. Aliwauliza watu, na aliyeliona kama yeye alikuwa ndugu yake. Mwaka 1794 alisoma maelezo ya hali hiyo mbele ya jumuiya ya wasomi wa Manchester. Alidhani umajimaji wa ndani ya jicho lake ulikuwa wa buluu, akaagiza macho yake yachunguzwe akishakufa. Alifariki mwaka 1844, yakachunguzwa, umajimaji ukakutwa hauna rangi, kama wa mtu mwingine yeyote. Kipande cha jicho kilihifadhiwa, na mwaka 1995 watafiti walipochunguza DNA yake walikuta jeni ya kipokezi cha kijani haipo. Anayesema wenye upofu wa rangi si wasomaji wa sayansi akumbuke kwamba mtu huyu aliandika sehemu ya sayansi yenyewe.

Lakini hata hesabu hii naweza kuiacha kando, maana yuko msomaji mwingine asiyeona rangi kabisa, naye tunakutana naye kila siku: msomaji wa fotokopi. Nenda steshenari yoyote iliyo karibu na lango la chuo. Ukurasa wa rangi bei yake iko juu mno ukilinganisha na ule wa wino mweusi, kwa hiyo tasnifu, makala na notisi zinatolewa kopi nyeusi, kisha kopi yenyewe inatolewa kopi. Hivyo ndivyo sayansi inavyosomwa na wanafunzi wetu wengi.

Sasa tazama kinachotokea humo. Kanuni ya kawaida ya kugeuza rangi kuwa kijivu huchukua karibu asilimia 30 ya nyekundu, 59 ya kijani na 11 ya buluu. Nyekundu kamili kwenye kompyuta ina kipimo cha 255. Kijani kilichokoza, kile ambacho baadhi ya programu za grafu hukitoa ukiandika tu jina la rangi hiyo, kina kipimo cha 128. Piga hesabu: nyekundu inakuwa kijivu cha 76, kijani kinakuwa kijivu cha 75. Hakuna jicho la binadamu litakalotenganisha hizo mbili. Mtu amechora mstari mwekundu kwa wagonjwa waliopewa dawa na mstari wa kijani kwa waliopewa dawa bandia, na kwenye kopi mistari yote miwili ni kitu kimoja. Akitafuta msaada kwenye ufunguo wa mchoro anakuta vijimstari viwili vya kijivu kile kile. Akisoma maelezo yaliyo chini anaambiwa mstari mwekundu unaonyesha nafuu. Utafiti umegharimu miaka na fedha za umma, na jibu lake limepotelea kwenye mashine ya fotokopi.

Huyu msomaji hakuzaliwa na hitilafu yoyote. Kasoro ilikuwa kwenye mchoro, na mwenye upofu wa rangi aliiona kabla yetu.

Hapo ndipo kiini cha mgogoro kilipo. Kila rangi ina jina lake, nyekundu au kijani au buluu, na pia ina mwangaza wake, yaani ni nyeupe-nyeupe au ni nzito kiasi gani. Jina la rangi hupotea kirahisi: kwenye jicho lenye hitilafu, kwenye kopi, kwenye projekta iliyochoka, kwenye skrini ya simu juani. Mwangaza ndio unaovuka salama. Mwandishi aliyeweka habari yake yote kwenye jina la rangi ameiweka mahali dhaifu kuliko pote.

Upinde wa mvua unathibitisha hilo kuliko kitu kingine chochote. Kwa miaka mingi ramani za joto, za mvua, za magonjwa na za picha za hospitali zimepakwa rangi kwa mpangilio uitwao jet: buluu iliyokoza, samawati, kijani, manjano, machungwa, nyekundu iliyokoza. Watetezi wake wanasema unapendeza na kila mtu ameuzoea. Tuseme mtu anachora ramani ya malaria Tanzania kwa mpangilio huo. Kilimanjaro, ambako ugonjwa ni mdogo, kunapakwa buluu nzito. Tabora, ambako ugonjwa ni mwingi, kunapakwa nyekundu nzito. Mikoa ya kati kwa kiwango inang'aa kwa samawati na manjano. Itoe kopi ramani hiyo: Kilimanjaro na Tabora kote kumekuwa giza, na mikoa ya wastani ndiyo inayojitokeza. Ofisa wa wilaya anayegawa vyandarua kwa kuangalia karatasi hiyo anaona mkoa wenye ugonjwa kidogo na wenye ugonjwa mwingi ikiwa kundi moja.

Na aliye na rangi zote mbele yake je? Naye anapotoshwa. Mwangaza wa upinde hupanda hadi manjano kisha hushuka, kwa hiyo jicho linavutwa katikati ya kipimo, pasipo na jambo la maana. Penye mpito wa kijani kwenda manjano jicho huona mpaka mkali, hata kama takwimu zinapanda polepole bila kuruka. Mpaka huo haumo kwenye data. Umechorwa na rangi.

Madhara yake yamepimwa. Mwaka 2011 Michelle Borkin na wenzake wa Harvard waliwapa washiriki michoro ya mishipa ya moyo watafute sehemu zenye dalili za hatari. Katika mchoro bapa uliopakwa rangi za upinde walizipata asilimia 62 ya sehemu hizo. Mchoro ule ule ulipopakwa mpangilio mwingine, wa kutoka nyeusi kwenda nyekundu, walizipata asilimia 91. Utafiti huo haukuhusu upofu wa rangi hata kidogo. Ulihusu macho ya kawaida, na mishipa ya moyo.

Watengenezaji wa programu wenyewe walishaelewa. MATLAB iliuondoa upinde kama chaguo la kwanza mwaka 2014 na kuweka mpangilio uitwao parula. Mwaka 2015 Stéfan van der Walt na Nathaniel Smith walitoa viridis, mpangilio unaotoka zambarau nzito, kupitia buluu na kijani, hadi manjano, mwangaza ukipanda hatua kwa hatua bila kurudi nyuma, na toleo la 2.0 la Matplotlib la mwaka 2017 likaufanya kuwa chaguo lake la kwanza. Anayetumia upinde katika programu hizo leo hakupewa. Ameutafuta, akaukuta, akauweka, na awe tayari kuutetea mbele ya wahakiki wake.

Inakuja hoja nyingine, nayo ina uzito zaidi ya ile ya wachache. Wanasema nyekundu ni hatari na kijani ni salama. Ni lugha ya taa za barabarani, na ukiibadili kwenye ripoti ya afya au ya chakula utamchanganya mkuu wa wilaya ambaye hana muda wa kusoma ufunguo. Naikubali nusu yake. Rangi zina mazoea, na mazoea yana thamani. Lakini wanaozitaja taa za barabarani hawajaziangalia vizuri. Zikisimama wima, nyekundu iko juu na kijani kiko chini, karibu popote uendapo. Dereva mwenye upofu wa rangi anasoma mahali taa ilipowaka. Taa hazikuwahi kutegemea rangi peke yake.

Wala si lazima kuitupa nyekundu ili kumtendea haki msomaji. Angalia ramani za uhakika wa chakula za IPC, mfumo ulioanzia mwaka 2004 katika kazi ya FAO, shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, kuhusu Somalia, na ambao leo unatumika Kenya, Kongo na kwingineko. Hatua ya kwanza ni kijani kilichofifia sana, karibu na nyeupe. Ya pili ni manjano, ya tatu machungwa, ya nne nyekundu, na ya tano, ile ya baa la njaa, ni damu ya mzee nzito inayokaribia weusi. Maana ya taa za barabarani imebaki kama ilivyo, na hapo hapo mwangaza unashuka katika kila hatua. Itoe kopi ramani hiyo: palipo peupe pana nafuu, palipo peusi watu wanakufa. Mpe mtu asiyeona nyekundu, ataisoma vile vile. Linganisha na kadi za tathmini ambazo halmashauri nyingi huzipokea, kijani kilichokoza kwa aliyefaulu na nyekundu kamili kwa aliyeshindwa. Hizo ndizo 75 na 76 za hapo juu. Aliyefaulu na aliyeshindwa wamepewa alama moja.

Mfano mwingine uko kwenye friji ya zahanati yoyote. Kwenye kichupa cha chanjo kuna alama ndogo ya duara, na ndani yake mraba uliofifia. Chanjo ikikaa kwenye joto, mraba unakolea polepole. Muuguzi anainua kichupa, anaangalia kitu kimoja tu: mraba bado una mwangaza zaidi kuliko duara linalouzunguka? Kama ndiyo, joto halijaiharibu chanjo. Ukilingana na duara au ukawa mzito zaidi, kichupa hakitumiki tena. Alama hii ilianza kwenye chanjo ya polio mwaka 1996. Waliotengeneza wangeweza kuifanya igeuke kutoka kijani kuwa nyekundu, na wengi wangeiona ya kisasa zaidi. Walichagua kulinganisha mwangaza na mwangaza, kitu ambacho mhudumu yeyote anaweza kukisoma, jicho lake liwe na vipokezi vitatu au viwili. Maisha ya watoto yakiwa mezani, wahandisi hawakuamini jina la rangi. Sioni kwa nini sisi tuliamini kwenye makala zetu.

Utepe wa kupimia mzingo wa mkono wa mtoto nao una nyekundu, manjano na kijani, lakini una sentimita pia: 11.5 na 12.5 zimeandikwa pale pale. Rangi inasaidia, namba inabeba.

Katika maabara za biolojia nimesikia utetezi mkali zaidi, kwamba kubadili rangi za picha ya hadubini ni kuchakachua data. Protini moja imetiwa rangi inayong'aa kijani, nyingine nyekundu, na zinapokutana seli huonekana manjano. Ndivyo ilivyoonekana, basi ndivyo ichapishwe. Hoja hii inavunjwa na kamera yenyewe. Kamera nyingi za hadubini za aina hii hazirekodi rangi. Zinarekodi kiasi cha mwanga, picha ya kijivu kwa kila protini, na rangi hupachikwa baadaye na programu. Kilichopachikwa nyekundu kinaweza kupachikwa majenta bila kugusa namba hata moja, na penye kukutana patakuwa peupe badala ya manjano. Kwa ImageJ, ambayo ni ya bure, kazi hiyo ni ya dakika chache. Na ukitaka uaminifu kamili kwa data, chapisha kila protini peke yake kwa kijivu, kama kamera ilivyoiona, kisha weka ile ya kuchanganya pembeni. Hapo msomaji ataona mengi kuliko rangi yoyote itakavyomwonyesha.

Wapo pia walio upande wangu ambao sikubaliani nao. Hawa wanasema tatizo limekwisha: wanasayansi wawili wa Kijapani, Masataka Okabe na Kei Ito, walishatupa rangi nane zinazotofautishwa na watu wa aina za kawaida za upofu wa rangi, zichukue, umemaliza. Rangi hizo ni nzuri na nazipendekeza. Ila zimegeuzwa hirizi. Pima machungwa yake na samawati yake kwa kanuni ile ile ya kijivu: moja inapata 162, nyingine 158. Kwenye fotokopi ni mapacha. Manjano yake, ikichorwa kwa mstari mwembamba kwenye karatasi nyeupe, karibu haionekani. Na ukiweka mistari minane kwenye grafu moja, hata malaika hataweza kuifuata. Orodha ya rangi salama haiokoi mchoro ambao maana yake yote imening'inizwa kwenye rangi.

Kinachouokoa ni kuandika jina la kila mstari mwishoni mwa mstari wenyewe, msomaji asilazimike kukimbilia ufunguo na kurudi. Ni kuufanya mmoja uwe mzima na mwingine wa vidoti, alama moja duara na nyingine pembetatu. Ni kugawa grafu moja iliyosongamana kuwa nne ndogo zenye kipimo kimoja. Ni kuacha kuandika kwa rangi nyekundu juu ya slaidi nyeusi, kwa sababu wapo ambao kwao nyekundu ni giza na slaidi nzima inaonekana tupu. Ukishafanya hayo, tumia rangi utakavyo. Rangi ikikataa kusomwa, kazi itaendelea kufanywa na vitu vingine.

Sijasahau kwamba kuna gharama. Kuchora upya grafu za tasnifu nzima wiki moja kabla ya kuiwasilisha ni adha kubwa, na mwanafunzi anayelalamika ana haki ya kulalamika. Lakini lawama si yake. Alipaswa kuambiwa alipochora grafu ya kwanza, na aliyepaswa kumwambia ni msimamizi, ambaye naye hakuambiwa na aliyemsimamia. Kozi zetu za mbinu za utafiti zinafundisha jinsi ya kuchagua sampuli na jinsi ya kunukuu vitabu, kisha zinamwachia mwanafunzi mchoro auchore anavyoona inafaa, ilhali mchoro ndio ukurasa utakaoangaliwa na watu wengi kuliko ukurasa mwingine wowote wa kazi yake.

Kwa hiyo, msimamizi, ukiletewa grafu yenye mistari inayotofautishwa na rangi pekee, irudishe siku hiyo hiyo, kama unavyorudisha jedwali lisilo na vipimo. Mhariri wa jarida, andika kwenye mwongozo wako kwamba mchoro usiosomeka kwa wino mweusi haupokelewi, na usiupokee. Na wewe unayechora: kabla ya kutuma, toa kopi moja nyeusi, mpe mtu asiyeijua kazi yako, usimwelekeze kwa neno wala kidole, umuulize mstari upi ni upi. Asipoweza kujibu, usimpeleke kupima macho. Rudi kwenye kompyuta uuchore upya.